Koma Iliyokipasua Kipimo

Kila Ijumaa baada ya masomo, wanafunzi wa chama cha sayansi walizunguka vichochoro vya Mji wa Kale wakipima chumvi ya maji ya visima. Shukri, mzaliwa wa huko, ndiye aliyebisha hodi na kuomba ruhusa. Joy, wa mtaa wa Ganjoni, aliingiza vipimo katika lahajedwali kwenye kompyuta ambayo babake aliuziwa na baharia Mjerumani. Shirika moja lilikuwa limeahidi kuweka mitambo ya kuchuja maji kwenye visima vyenye chumvi iliyozidi gramu mbili nukta tano kwa lita.

Siku ya kutuma vipimo, Joy alilitoa lahajedwali likawa faili la maandishi matupu. Tovuti ya shirika ikalikataa: ilitaka safu zitenganishwe kwa koma, na faili lake lilikuwa na nukta mkato. Akazigeuza zote kuwa koma. Sasa likapokelewa, lakini vipimo vikapasuka. Kipimo cha kisima cha kina Shukri, kwa mfano, kompyuta yake ilikiandika 2,9. Tovuti ikaweka mbili katika safu moja, tisa katika nyingine. Joy aliona haya kuuliza. Akaifuta safu ya ziada, akatuma.

Visima vilivyochaguliwa vilipotangazwa, Shukri alimjia macho mekundu.

"Kisima chetu hakimo, Joy. Bibi ana shinikizo la damu, daktari kamkataza chumvi, na maji yetu ndiyo hayo. Si ulikiona kipimo wewe?"

Joy aliondoka haraka. Akatamani kuacha chama, hata kuihama shule, lakini uso wa Shukri haukumtoka machoni. Mwishowe alimwendea Mwalimu Mung'aro, mlezi wa chama, akalia mbele yake.

"Ni mimi, mwalimu. Nilizifuta nambari."

"Na lahajedwali lenyewe?"

"Lipo."

"Basi lilete."

Mwalimu alifungua mipangilio ya kompyuta. Nchi iliyochaguliwa ilikuwa Ujerumani, ambako koma hushika nafasi ya nukta ya desimali. Akaweka Kenya, 2,9 ikawa 2.9. Wakatoa faili upya, sasa safu zikitenganishwa kwa koma, wakalituma pamoja na maelezo ya Joy mwenyewe. Baada ya juma zito la kungoja, shirika likakubali kukiongeza kisima cha kina Shukri.

"Kutoijua koma si kosa, mwanangu," mwalimu alimwambia. "Kosa ni kufuta usichokielewa ili kazi ionekane safi. Ukikwama, uliza. Kila nambari uliyoikata ilikuwa maji ya mtu."