Neno Lililokatazwa Kaunta ya Nne

"Ni ile?"

Asubuhi hiyo peke yake msichana wa tiketi alikuwa ameshaulizwa mara kumi na saba, na kila aliyeuliza aliinamia kaunta kama anayeulizia hali ya mgonjwa. Uwanja wa ndege ulifurika watu na masanduku. Mwanamume mwenye ovaroli ya buluu alipofika mbele ya kaunta ya nne, msichana hakungoja afungue mdomo.

"Siyo ile, kaka. Ile bado imelala karakana."

"Najua. Mimi ndiye fundi wake."

Ile ilikuwa ndege iliyoporomoka angani mara mbili, mara ya pili ikavunja watu mifupa. Ilikuwa imefungiwa tangu hapo.

"Nataka tiketi ya mama yangu," fundi akasema. "Siku ikirudi kazini, awe wa kwanza kupanda."

"Mama yako mzazi? Kwani amekukosea nini?"

Fundi alicheka mpaka spana ikamdondoka mfukoni. Tangu siku hiyo msichana akamwita Spana, na kila alipojua atapita, skafu yake ya njano ya sare ilifungwa upya na kunyunyiziwa manukato.

Ulipokaribia mwezi wa ndege kurudi, wakubwa wakabandika karatasi kwenye ubao wa kaunta. Wanasheria hawakutaka mtu wa kaunta atamke neno "salama". Abiria akiuliza, jibu ni moja tu: imeidhinishwa. Wawili hawa, sasa wapenzi, wakaligeuza mchezo.

"Umekula, mpenzi?" Spana aliuliza kwenye simu mchana.

"Imeidhinishwa."

"Bado umeninunia?"

"Haijaidhinishwa."

"Na kunipenda je?"

"Imeidhinishwa na kugongwa muhuri!"

Mapenzi yana utoto wake, tuwaache.

"Mama akishuka mzima," Spana alimwambia, "Jumapili nakuja kwenu kujitambulisha. Watu wakiona nimempandisha mama yangu, nani tena atabisha kuwa kazi yangu ni nzuri?"

Siku yenyewe ilipofika, Spana alitangulia ndani ya ndege, maana fundi alitakiwa kusafiri nayo. Mama akaja na gauni lake jipya la zambarau, akaitangazia foleni nzima kwamba mwanawe ndiye aliyeitengeneza. Alipofika kaunta ya nne, akaishusha sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hebu niambie kweli. Ni salama?"

Foleni ikasogea kusikiliza. Msichana akafungua mdomo. Aliiona ile karatasi ubaoni, akaiona mikono ya mama ikiing'ang'ania kaunta, akawaza itakuwaje ikianguka na huyu. Hofu ilimshika yeye kuliko mama.

"Mama, nikuhamishie kwenye ndege nyingine, ya saa tisa?"

"Nihamishie, mwanangu."

Waliokuwa nyuma waliona. Mama wa fundi mwenyewe! Kila mmoja akataka ya saa tisa. Ndege ya Spana iliondoka na watu kumi na mmoja, huku fundi akilitafuta gauni la zambarau mpaka mlango ulipofungwa.

Saa moja baadaye simu ikalia.

"Tumetua. Mama yuko wapi?"

"Nimemhamishia ya saa tisa."

"Wewe?"

"Aliogopa, mpenzi. Ungemwona mikono."

"Mama kuogopa ni haki yake. Nakuuliza wewe. Miezi kumi nimekuwa mle ndani, nywele mpaka kucha zinanuka grisi. Wewe unaniamini?"

Alimwamini. Alitaka kulia, alitaka kuomba radhi, na zaidi ya yote alitaka kukisikia tena kile kicheko cha siku ya spana. Ulimi ukakimbilia kwenye mchezo wao.

"Imeidhinishwa," alisema.

Spana alilisikia kama neno la wanasheria. Kisha simu ikakatwa.

Jumapili msichana alivaa gauni lake la maua, akakaa sebuleni na wazazi wake mpaka chai ikapoa. Hakuja mtu. Alipiga simu wiki nzima, haikupokelewa. Alilia chooni kazini, akanawa, akarudi kuuza tiketi. Spana alikuwa ameomba uhamisho, abaki kule kule ndege ilikotua.

Ndege ikaendelea kuruka na kutua. Kidogo kidogo watu wakaacha kuuliza. Baada ya miezi mitano, mama wa Spana akasimama tena kaunta ya nne, na gauni lile lile la zambarau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakwenda kumsalimia mwanangu." Akasita. "Ni ile?"

"Ndiyo ile."

"Ni salama?"

Karatasi bado ilikuwa ubaoni. Msimamizi alikuwa hatua mbili nyuma yake.

"Ni salama, mama. Namjua aliyeitengeneza. Panda bila wasiwasi."

Mama alimtazama usoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi msichana.

"Ungesema siku ile, binti," akasema.

Alichukua kadi yake ya kupandia, akaelekea mlangoni. Msichana aliifungua skafu, akajifuta macho, akamwita abiria aliyefuata.