Handaki la Wulfrun

Kila asubuhi Wulfrun alikamua ng'ombe, akazoa samadi na majivu, akavitupa handakini nyuma ya nyumba yake. Sote tulifanya hivyo, tusimlaumu peke yake.

Wanormani, watawala wapya kutoka ng'ambo ya bahari, walipoishika nchi yetu ya mpakani, walirundika kilima cha udongo wakajenga mnara juu yake. Chini walizizungushia nyumba zetu ua wa magogo, na nje ya ua wakachimba handaki. Kila nyumba ilipewa shamba, pamoja na kipande cha handaki cha kutunza. Shamba tulilipenda. Handaki tulilisahau.

Mwaka ule watu wa milimani waliruka ua, wakafungua lango kwa ndani, wakaswaga maksai wawili wa Wulfrun. Watu hao husema nchi ni yao, na hawakosei sana. Lakini maksai walikuwa wa Wulfrun. Walibaki wawili tu. Nao wakichukuliwa, hakuna kulima, na watoto watalala njaa.

Mumewe, Edrik, alitaka ua uongezwe urefu. Wakamwita Turold, askari mzee wa Kinormani aliyekagua mahandaki, mguu wake mmoja mbovu.

Turold alitoka nje ya ua. Alishuka kwenye kipande cha Wulfrun, akachechemea juu ya samadi kavu, akaja kushika gogo la ua.

"Mama, mimi kiguu nimevuka. Mwenye miguu miwili atashindwa?"

Edrik alicheka. Wulfrun aliona aibu.

"Kumbe mimi ndiye niliyewajengea wezi daraja," alisema.

"Wewe na ng'ombe wako."

Turold akawaelekeza. Handaki liwe jembamba chini, kingo zake zisimame wima. Udongo upandishwe penye ua, ili adui awe chini nawe uwe juu. Samadi ipelekwe shambani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Walichimba siku sita, mikono ikatoka malengelenge. Siku ya saba Turold alishuka kukagua, akashindwa kutoka.

"Leteni kamba," aliita.

"Sema kwanza, likoje?" Wulfrun aliuliza kutoka juu.

"Zuri, mama. Zuri mno. Sasa nitoe."

Msimu wa kulima ulipofika, asubuhi moja yenye ukungu, pembe ililia mnarani. Wulfrun aliwaingiza maksai uani, lango likafungwa. Wavamizi hawakuhangaika na lango. Walikuja moja kwa moja kwenye kipande chake, maana njia waliijua.

Wa kwanza aliteleza hadi chini. Wa pili akamwangukia. Kila aliyejaribu kupanda, Wulfrun alimsukuma kwa mti mrefu, na Edrik akarusha mawe. Mwishowe walipandiana mabegani wakatoka upande waliotokea. Waliondoka na matope, hata kuku hawakupata.

Mchana maksai walikuwa shambani wakivuta jembe, pamoja na wawili wa jirani. Shayiri iliyopandwa kwenye ile samadi ilimfika Wulfrun kifuani. Tulifurahi kijiji kizima, na kila nyumba ikazibua handaki lake.

Baada ya mavuno Wulfrun alimmegea Turold mkate wa moto wa shayiri ile.

"Lile daraja nililowajengea," alimwambia, "leo tunalila."