Mwalimu wa Pili wa Salha

Haya yalimpata Selpher, aliyepanga chumba jirani na sisi hapa Mtopanga. Mpaka leo akiyasimulia huangalia mlango kwanza.

Aliajiriwa kumfundisha Salha, mtoto wa miaka saba, nyumbani kwao Likoni, maana maradhi ya kifua yalimzuia kwenda shule. Akilala huko huko, akila na wenye nyumba. Mama wa mtoto, Bi Mwanarehema, alimchukua kama mdogo wake.

Jumanne moja, baada ya adhuhuri, Selpher alitoka kwenda dukani kununua kalamu. Aliporudi alisikia somo likiendelea chumbani.

"Tano mara tatu?"

"Kumi na tano, mwalimu."

Sauti iliyouliza ilikuwa yake yeye Selpher. Ile ile, na kikohozi chake kidogo mwisho wa swali.

Akasukuma mlango. Salha alikuwa peke yake, akikitazama kiti kitupu. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea, kama umekaliwa.

"Salha, wazungumza na nani?"

Mtoto akamgeukia. Akakitazama kiti. Akamtazama tena.

"Mwalimu," akanong'ona, "mbona muko wawili?"

Mto ukafura taratibu. Mkono wa Salha ukanyanyuka wenyewe, kama umeshikwa. Akavutwa. Akapitishwa uani, miguu ikiburuzika, kuelekea kisimani. Kifuniko kilikuwa wazi, na asubuhi Selpher alikifunga kwa mikono yake.

Alikimbia. Hakujua aombe vipi. Alimwita Yesu, akachanganya na bismillahi aliyozoea kuisikia humo ndani. Akamdaka mtoto kiunoni, ukingoni kabisa. Akavuta. Upande wa pili nao ukavuta.

Kutoka chini kisimani sauti yake mwenyewe ikasema, polepole:

"Mwache. Somo halijesha."

Hakumwacha. Alipiga ukelele, Bi Mwanarehema akatoka jikoni mbio, akashika naye. Kitu kikaachia. Wote watatu wakaanguka chali.

Nyumba ile waliihama kabla ya magharibi. Kisima kikafukiwa.

Salha sasa yuko darasa la nne, kifua kimepona. Lakini kwenye kifundo cha mkono wa kulia ana alama za vidole, nyeusi, zisizosikia dawa ya daktari yeyote. Mama yake alizihesabu akimwogesha, akarudia kuzihesabu.

Ni sita. Na mkono ukikua, nazo zakua.