Mtia Dole wa Makambako

Mwamuzi alimaliza kesi ya kwanza ya asubuhi kabla chai ya Twilumba Kikoti haijapoa. Akamaliza ya pili, na ya hamsini. Hakuwa na kichwa wala mikono. Alikuwa kabati refu la chuma katika ghorofa ya chini ya Jumba la Hukumu, akilishwa picha na vijicho elfu tisini vilivyotundikwa kwenye nguzo za jiji la Makambako. Kijicho kinaona kosa, Mwamuzi anapima, adhabu inatoka. Sekunde nne. Polisi, mwendesha mashtaka, hakimu na bwana jela, wote walikuwa wamekunjwa wakatiwa ndani ya kabati moja.

Kilichobaki kwa binadamu ni dole gumba. Sheria ilisema mtu asiadhibiwe na mashine peke yake, kwa hiyo kila hukumu ilipita kwa mtia dole, aliyepewa sekunde tisa kutazama picha na kubonyeza kioo: kubali au kataa.

Twilumba alikuwa na shahada ya haki jinai. Walihitimu arobaini na wawili, majoho yakiwapepea, na mkuu wa chuo akawaambia taifa linawasubiri. Taifa gani hilo? Mmoja anafuga kuku wa mayai, wawili wanauza vifaa vya sola, wengine hadi leo wanatuma barua za maombi kwa ofisi zilizokwisha kugeuzwa maghala. Ni Twilumba peke yake aliyepata kazi ya alichokisomea, kama kubonyeza kioo ndicho alichokisomea. Kila Jumatatu Desideri, waliyekaa naye dawati moja, alimpigia simu. "Dada, hawajakufukuza tu? Basi usinisahau." Wakacheka. Lakini Desideri hakuwa anatania, na Twilumba alilijua hilo.

Maana kiti kile kilikuwa na masharti. Ukikataa hukumu tatu kwa siku moja, unahesabiwa umechoka, na aliyechoka hupumzishwa moja kwa moja.

Alhamisi ile alikuwa amekwisha kukataa mbili: ya mzee aliyevuka reli akimfukuza mbuzi wake, na ya mama aliyepiga kelele wodini mwanawe alipozidiwa. Ndipo akatokea Gaudensi Komba. Wizi msibani, kosa zito. Pichani mwanamume wa miaka hamsini hivi amevaa koti la marehemu, akichechemea kama marehemu alivyochechemea, redio ya marehemu begani, anatoka nayo getini. Nyuma yake waombolezaji wameshika mbavu kwa kicheko.

Sekunde ya pili Twilumba alikwisha kuelewa. Msiba ulikuwa wa Wahehe, na Komba ni jina la Kingoni. Huyu alikuwa mtani. Tangu enzi za mababu, Mhehe akifa, mtani wake Mngoni huja kumwigiza na kuondoka na kitu chake, mpaka wafiwa wakikomboe kwa jogoo, ili kilio kipate pa kupumulia. Twilumba mwenyewe ni Mhehe. Alipofiwa na baba yake, Mngoni mmoja alibeba godoro. Makambako nzima ilijua mambo hayo, isipokuwa kabati la chuma.

Sekunde ya sita akamwona Desideri, mawazoni, amekaa kwenye kiti chake yeye. Sekunde ya nane akabonyeza kubali.

Alijiambia ni siku saba tu, na rufaa ipo. Siku hizo jela zilikwisha kufutwa. Adhabu ilikuwa kufungiwa milango. Uso wako unaondolewa kwenye kumbukumbu, na kila mlango wa jiji unakukataa, wa basi, wa duka, wa ofisi, isipokuwa wa nyumba yako. Ofisi ya rufaa nayo ina mlango. Wafiwa wenyewe waliingia kumtetea Gaudensi, wakaambiwa mwenye kesi afike mwenyewe, naye yuko nje ya kioo anawapungia mkono. Siku ya tatu pumu ilimbana. Alipofika zahanati, mlango uliona uso wake ukajifunga, na uligoma kufunguka maadamu yeye yuko mbele yake. Muuguzi alipozunguka kwa lango la nyuma, Gaudensi alikuwa amekata roho.

Twilumba aliisoma habari hiyo kazini. Tangu hapo, kila picha iliyomjia ilikuwa na mtu anayechechemea kule nyuma. Alipotazama vizuri hakumwona. Alipoinua dole, yupo. Aliogopa. Akaenda kwa Bwana Nyenza, msimamizi wa zamu.

"Shikamoo, baba. Yule Komba, nilijua ni utani."

"Marahaba. Ulijua sekunde ya ngapi?"

"Ya pili."

Bwana Nyenza aliufunga mlango. "Usilirudie hilo neno, mwanangu. Mashine haikukosea, wewe hukukosea. Mtu ameugua, amekufa."

"Sasa nani amekosea?"

"Rudi kitini. Huko nje wamejaa wanaokitaka."

Hakurudi kitini. Alikwenda msibani kwa Gaudensi, akiwa ameazimia kusema, na wamfanye watakavyo. Wampige, wamshtaki, kheri hivyo kuliko yule mtu wa kuchechemea. Alipojitambulisha kwa ubini wake tu, wanawake waliokaa mkekani walipokezana maneno.

"Fungeni mbwa wenu wasiliwe, Mhehe kafika."

"Tulisema watani wametususa. Karibu, mtani."

Twilumba alipiga magoti mbele ya mjane, Mama Efrazia, aliyevimba macho. "Mama, mimi ndiye niliyemuua mumeo. Nilitia dole, na nilijua hana kosa."

Mama mmoja akaguna, mwingine akajifunika kanga usoni, na mkeka mzima ukaangua kicheko. Mama Efrazia, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu juzi, alicheka mpaka akamwegemea dada yake.

"Si utani," Twilumba alisema. Sasa alikuwa analia. "Nawaapia, si utani. Ni mimi."

"Na machozi anayaweza!" alisema yule dada, akijifuta ya kwake.

Alisema mara ya tatu. Walicheka zaidi. Wakamletea sahani ya wali na mguu wa kuku, fungu la mtani, na Mama Efrazia akamshika mkono, akakipapasa kidole gumba chake polepole.

"Inatosha, mwanangu," alisema. "Kazi yako umeifanya vizuri."

Wote walikuwa wakimtazama, wanangoja aonje. Twilumba alikula mpaka sahani ikaisha.