Nyumba ya Kusindikizia

Msindikizaji alipiga magoti yake ya chuma mbele ya mzee aliyejikunyata chini ya nguzo ya treni ya juu. "Shikamoo, mzee wangu," akasema, kisha akamwekea mdomoni kipimapumzi, kidude kisichozidi kipande cha sabuni, kinachonusa hewa itokayo mapafuni na kueleza mwili umebakiwa na muda gani. Upepo wa Julai wa Dodoma ulikuwa ukichoma. Mzee akapumua, akakohoa, akapumua tena.

"Pole sana," roboti akasema kwa sauti ya upole iliyochaguliwa na kamati. "Mwezi huu hutaumaliza. Ungependa kufa vipi?"

Pembeni alisimama Mhandisi Twilumba Sanga, aliyemuunda. Zamani watu wa mitaani walikufa kama kuku wa kideri, manispaa ikawafukia bila kumuuliza mtu. Siku hizi kila asiye na makazi aliulizwa afie wapi, nani awe karibu naye, azikwe kwa dini gani. Aliyebakiwa na mwezi au pungufu alichukuliwa papo hapo, akapewa chumba chake katika Nyumba ya Kusindikizia. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuishangaa, wakapiga picha, wakaondoka na machozi. Waliobakiwa na miezi miwili walilala wapi, hakuna mgeni aliyeuliza.

Mzee aliitwa Malogo. Alikuwa fundi viatu hadi mashine za kuchapa viatu zilipojaa mitaani, kazi ikafa, na chumba cha kupanga nacho kikaenda.

"Nataka kufia ndani," akajibu. "Mlango niufunge mwenyewe. Basi."

"Na ndugu zako?"

"Ndugu wa nani tena? Andika mlango."

Twilumba alimpenda tangu hapo. Kila alipopita katika ile Nyumba kukagua mitambo, alimchungulia. Na alichokiona kilimfurahisha kabla hakijamtisha: mzee alikuwa ananenepa. Alilala kitandani, alikula, alikunywa dawa ya kifua kwa wakati, na kikohozi kikamwacha. Alianza hata kuwashonea wauguzi kandambili zao huku akiwatania kwamba wanatembea kama bata. Kipimapumzi kilipowekwa tena mdomoni mwake kikasoma mwaka mzima, pengine na zaidi.

"Hongera, mzee wangu," akasema msindikizaji. "Hustahili tena chumba hiki."

Ndipo Twilumba alipoliona kosa lake. Kipimapumzi alikifundisha kwa pumzi za watu waliofia barabarani, maelfu yao. Hakuwahi kukionyesha hata mmoja wao akiwa kitandani. Kidude kilikuwa kinapima baridi na njaa, na yeye akakipa jina la kifo.

Alikimbilia kwa mkurugenzi, Bwana Kihwele, mtu mpole mwenye vikombe vingi vya tuzo kabatini.

"Mhandisi, hii ni nyumba ya kufia," Kihwele akamwambia. "Wakianza kupona humu, tutaiitaje? Foleni yenyewe unaiona. Andika barua wizarani."

Twilumba alikuwa na uwezo wa kuingia kwenye mtambo na kuigeuza ile namba kwa mkono wake. Aliogopa kuharibu jina lake. Akaamua kuandika barua, na huo ulikuwa woga, hauna jina lingine.

Alimkuta Malogo ameketi kitandani, kifurushi kando. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi hata jembe sikupewa." Akacheka kidogo. "Mwanangu, hicho kidude umekitengeneza wewe. Hivi kinataka nini hasa?"

Akidhani anamfariji, Twilumba alimweleza kama alivyozoea kuwaeleza wageni. Kwamba mtu asipokula, mwili huanza kujila wenyewe, na pumzi hubadilika harufu. Kwamba baridi hujaza maji mapafuni. Kwamba dawa ikiachwa katikati, kifua hurudi kwa kishindo. Mzee alisikiliza kama fundi anayeonyeshwa kiatu kigeni, akauliza hiki na kile, akashukuru.

Malogo akarudishwa nguzoni, na majibu ya wizara hayakuja. Twilumba akachoka kuogopa. Aliingia kwenye mtambo, akaandika namba ya uongo, akaenda kumtafuta Malogo amrudishe. Hakumkuta nguzoni. Msindikizaji alikuwa amekwisha kumchukua.

Alimkuta kwenye chumba chake cha zamani, mbavu zinahesabika.

"Nimefaulu," Malogo akanong'ona, na kwa kweli alikuwa na fahari.

"Mzee, kula, nakuomba. Namba nimeibadilisha mwenyewe. Hakuna atakayekutoa."

"Wewe umeibadilisha leo, kesho ataibadilisha mwingine." Akafumba macho. "Hii niliyokuja nayo mimi, mwanangu, hakuna wa kuibadilisha. Sasa toka, nifunge mlango."

Alikufa kabla ya wiki kwisha. Taarifa ilisema matakwa ya marehemu yalitimizwa yote, na Kihwele akampigia Twilumba kumpongeza kwa usahihi wa kidude chake. Twilumba alikata simu, akatoka, akatembea bila kujua aendako.

Chini ya reli alisimamishwa na mwanamke mwembamba. Nyuma yake walikuwapo wengine, wanaume kwa wanawake, wamekaa kwa adabu kama wanafunzi.

"Samahani, dada mhandisi. Mzee Malogo alituambia wewe ndiye uliyemwelekeza." Mwanamke alipunguza sauti kwa heshima. "Kula tumeshaacha. Kinachofuata ni nini?"