Mishipa Iliyotoweka kwenye Ini la Yoramu

Pete ilipowashwa, taa za barabarani za Kibaigwa zilififia kidogo, na watu wakajua kuna mgonjwa amelazwa. Ilikuwa imefukiwa chini ya ardhi, mahali ambapo zamani palikuwa na soko la mahindi, mzunguko wa mita mia saba. Ndani yake elektroni zilikimbizwa mpaka zikatema eksirei kali. Eksirei za mababu zetu ziliona mifupa basi. Hizi zilipimwa zilivyopinda zikipita kwenye nyama laini, na kwa hesabu za kupinda huko, mshipa mwembamba kuliko unywele ulionekana waziwazi.

Ila mshipa haujichori wenyewe. Mgonjwa alidungwa viputo vya gesi, vidogo kuliko chembe ya damu, vikasafiri kwenye ateri hadi kwenye ini, na popote vilipopita, mshipa uling'aa. Picha hiyo iliitwa pichamshipa. Na uvimbe wa ini, tusidanganyane, ni mlafi: haukui bila kujichimbia mishipa yake ya kuulisha. Ukiiona mishipa hiyo, umeujua uvimbe unakoelekea.

Dakta Nyemo Chilongani alikuwa ameitumikia Pete miaka kumi na moja. Jumanne ile alikaa mbele ya pichamshipa ya kaka yake, Yoramu, ameshika tama, haelewi kitu.

Wiki sita nyuma, uvimbe kwenye ini la Yoramu ulikuwa umezungukwa na mishipa kama magugu ya shamba lililotelekezwa. Akaanzishiwa kizuiamshipa, dawa mpya ya kukausha mishipa ya uvimbe, akapangiwa na siku ya kukatwa kile kipande cha ini kilichoharibika. Wiki tatu baadaye akapigwa picha ya pili, na mishipa haikuwepo. Msomaji, mashine-akili iliyosoma picha zote za kituo, akatangaza kwa sauti yake ya upole kwamba uvimbe unakufa kwa njaa na kisu hakihitajiki tena. Daktari wa upasuaji, Mbeleje, akalifuta jina la Yoramu kwenye orodha yake. Penina, mke wa Yoramu, alipiga vigelegele ukumbini mpaka walinzi wakatoka kuangalia. Nyemo mwenyewe alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Sasa hii ilikuwa picha ya tatu, nayo safi vilevile. Lakini kipimo cha damu kilisema uvimbe unakua, tena kwa kasi. Picha inasema hivi, damu inasema vile, na zote mbili zimetoka kwa mtu mmoja, asubuhi moja! Ashike lipi?

Akafungua majalada ya wengine. Kati ya wagonjwa thelathini na wanne wa kizuiamshipa, Yoramu akiwemo, ishirini na mmoja walikuwa na picha safi na damu mbaya. Akaikagua Pete, akabadilisha viputo, akamsomesha Msomaji picha zilezile mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile. Akatafuta wanachofanana wale ishirini na mmoja: si umri, si kipimo cha dawa, si ukubwa wa uvimbe. Kitu kimoja tu kilijitokeza, nacho kikamchanganya zaidi. Wote walikuja kituoni wakisindikizwa na ndugu. Waliokuja peke yao, kwa treni, kutoka mbali, mishipa yao ilikuwa palepale.

Jamani, upendo unakausha mishipa? Nyemo alijicheka, kisha akaacha kucheka, maana hakuwa na wazo jingine. Akamuuliza Msomaji. Msomaji akajibu kwamba habari za ndugu hazimo katika takwimu zake.

Ndipo alipotoka kwenda kuwaona hao ndugu kwa macho yake. Usinicheke nikikuambia kwamba katika miaka yote kumi na moja hakuwahi kufika kwenye benchi la kusubiria. Yeye aliingilia mlango wa nyuma.

Alimkuta Penina yuko katikati ya watu, chupa ya chai mapajani, anawamiminia uji wa ulezi wenye karanga. Alikuwa anamwelekeza mama mmoja kwamba mgonjwa apate vikombe viwili kabla hajaitwa, na asiuache upoe. Juu ya kichwa chake ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa: USILE WALA KUNYWA CHOCHOTE KWA SAA NANE KABLA YA PICHA.

Nyemo akakaa, akauliza polepole. Penina hakuficha; alijivunia. Mara ya kwanza, akaeleza, Yoramu alifuata tangazo, akaingia anatetemeka kwa njaa, akatoka na picha mbaya. Mara ya pili yeye akampa uji kwa siri, picha ikatoka safi. Akawaambia wenzake benchini, nao wakajaribu, wakaona. Madaktari hawakuambiwa kwa sababu madaktari hugomba.

"Mgonjwa haulizwi uji, wifi," alisema. "Unampa tu."

Nyemo aliinua macho kwenye lile tangazo. Ini hupokea damu kwa milango miwili. Mtu akishakula, damu ya matumboni hulifurikia kupitia mshipa wa lango, na ini, ili lisizidiwe, huibana ateri. Viputo husafiri kwa ateri. Ateri ikibanwa, viputo haviufikii uvimbe, na mshipa usiofikiwa na viputo hauonekani. Kumbe mishipa haikukauka hata mmoja! Ilikuwepo siku zote, gizani. Na tangazo lile alilitunga yeye mwenyewe. Alikuwa ameandika na sababu, halafu akaifuta, ili tangazo liwe fupi.

Akamwomba Yoramu arudi kesho yake, peke yake, na njaa. Alirudi. Pete ikawashwa, na mishipa ikajaa kwenye kioo, minene, mingi kuliko ya wiki sita zilizopita, na tawi moja lilikuwa limeshapenya ndani ya mshipa wa lango. Mbeleje aliitwa, akaitazama picha. Hata wiki tatu nyuma angelikata, alisema, lakini uvimbe ukishaingia langoni yeye haugusi, kwani utasambaa chini ya kisu chake. Akampa Nyemo pole, akaondoka.

Yoramu alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mtu wa kutaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi. Akataka aelezwe, naye Nyemo akamweleza yote, ateri, lango, uji. Alisikiliza huku akifunga vifungo vya shati. Alikosea kimoja, akafungua, akafunga tena.

"Penina asijue," alisema mwishowe. "Mwambie mashine ilikosea."

"Kaka, na wale wengine? Jumanne ijayo watakunywa tena."

"Zuieni chupa mlangoni."

"Watauliza kwa nini. Nisipowaambia sababu, watawanywesha nyumbani."

Yoramu alisema kwamba yeye amebakiwa na miezi, ila Penina ana miaka mingi ya kuishi na jambo hili, na dadaye alifikirie.

Nyemo alilifikiria siku sita mpaka kichwa kikawa kizito. Akisema mashine ilikosea, wataamini, naye, msimamizi wa mashine, atapoteza kazi, na hilo angelibeba. Lakini watu ishirini wangeendelea kuambiwa wanapona huku visu vinawapita. Akisema kweli, atamvunja mwanamke ambaye kosa lake lote ni kumlisha mumewe. Kila alipoamua upande mmoja, ule mwingine ulimvuta. Ilikuwa kizungumkuti, na Msomaji hakuwa na msaada wowote.

Jumanne aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na picha mbili za ini moja, moja baada ya uji na nyingine kabla ya kula. Alikuwa amefuta jina la mgonjwa. Akawaambia watu wa benchini wazi, kwa Kiswahili cha sokoni, kwamba picha safi walizoshangilia hazikuwa za kupona, na kwamba kosa ni lake yeye aliyekataza bila kueleza. Hakumtaja mtu.

Penina aliitazama picha ya pili. Mumewe alikuwa amerudi Jumatano ile kimya, amekataa kusema aliambiwa nini, na mwanamke huyu hakuwa mjinga. Akaifunga chupa yake, akakaza kifuniko, akaendelea kukikaza kilipokuwa kimeshakaza.

"Hilo ni ini la Yoramu."

Nyemo akaitikia kwa kichwa.

"Wifi, alikuwa na njaa," Penina alisema. "Alikuwa anatetemeka. Ningefanyaje?"

Nyemo akakaa kando yake, akamshika mkono. Kutoka ndani Msomaji akaita jina la mgonjwa wa kwanza. Akaita la pili, na la tatu. Watu wa benchini wakaangalia vikombe vitupu vya uji vilivyokuwa mikononi mwao, na hakuna aliyeinuka.