Duara Nililolikata

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa Bibi wa Chokaa kupima dirisha. Mimi ni fundi wa kuchomelea: mageti, grili, milango ya chuma. Wezi walikuwa wamezidi mtaani, na mpwa wake alitaka bibi awekewe grili sebuleni.

Bibi alikuwa mganga wa mashetani enzi zake. Watu walisema ameshaacha. Alinionyesha dirisha, kisha akaenda jikoni kuepua chungu.

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi kidogo. Macho hayana pazia. Nikachungulia.

Sakafuni palikuwa na mchoro wa chokaa. Duara juu ya duara, yakipishana mpaka yakazaa ua, na ua likazaa nyota, na mstari wote ni mmoja tu, hauna ulipoanzia wala ulipokomea. Katikati, kigoda kitupu. Chumba kilinuka chokaa mbichi na maziwa yaliyochacha.

Sikuogopa. Nilifurahi! Kwa muda mrefu mkono wangu ulikuwa umekauka, sina jipya. Wateja walinitania, "Fundi, mageti yako yote mapacha." Sasa nilihisi kitu kikiamka kifuani, kama mtu aliyesikia wimbo aliokuwa akiutafuta.

"Umeona?"

Bibi alikuwa nyuma yangu. Sikusikia hatua zake.

"Nimeona ua zuri, bibi. Samahani."

"Si ua. Ni ukuta." Akauvuta mlango taratibu. "Ulichokiona kiache hapa hapa, mjukuu wangu. Usitoke nacho."

"Sawa, bibi."

Nilitoka nacho.

Kesho yake karakanani nilichukua msumari, uzi na chaki, nikapiga magoti. Nikazungusha duara la kwanza. Nikasimamisha msumari kwenye ukingo wake, nikazungusha la pili. Kila maduara yalipokatana, palinionyesha pa kuweka msumari tena. Sikuwa nabuni. Nilikuwa nafuata. Chakula nilikisahau. Nikapinda nondo, nikachomelea, na lile ua la chuma liliposimama ukutani machozi yalinilengalenga.

Shida ilikuwa moja. Grili lazima iwe na pa kufunguka, moto ukitokea mtu apate kutoka. Kwa hiyo nikaukata mstari katikati, nikatia bawaba na komeo. Padogo tu. Hata mtu hagundui.

Nikaifunga kwenye dirisha la mama yangu. Mama anaishi nasi, chumba cha uani, na nilitaka yeye awe wa kwanza. Akaipapasa kwa vidole.

"Mwanangu, umenitundikia mbingu."

Sifa zikaenea. Kila mteja akataka lile ua. Mafundi wenzangu wakaja kulipiga picha kwa simu, nami kichwa kikavimba, nikawaacha wapige.

Halafu jioni moja, natoka kazini, nikamsikia mama akiongea chumbani kwake. Sauti ya upole, ile ya kumbembelezea mtoto. Akanyamaza... akacheka. Nikadhani yuko na mke wangu.

Mke wangu alikuwa jikoni.

"Mama anaongea na nani?" nikamuuliza.

Akageuka, mwiko mkononi. "Si na wewe? Nimekusikia sasa hivi humo ndani."

Nikausogelea mlango wa mama. Harufu ikanipokea kabla sijaugusa. Maziwa yaliyochacha. Chokaa mbichi.

"Sogea huku," mama alikuwa akisema, "baridi ya dirishani itakupiga."

Nikatega sikio.

"Nimeshaingia, mama."

Sauti yangu.

Nikausukuma mlango. Mama alikuwa peke yake, ameketi ukingoni mwa kitanda. Kidirisha cha grili kilikuwa wazi. Pembeni yake godoro lilikuwa limebonyea, kama linavyobonyea mtu akikaa. Nikaliona likiinuka... polepole... mpaka likawa sawa.

Nilikimbia hadi kwa Bibi wa Chokaa. Alikuwa kibarazani, kama anayenisubiri. Nyuma yake chumba cha ndani kilikuwa wazi kabisa. Sakafu tupu.

"Uliuchora?"

"Niliuchora, bibi. Nisamehe."

"Wote?"

"Niliacha... pa kufungulia."

Akafumba macho. "Maisha yangu yote nimemzuia," akanong'ona. "Wewe ukamtengenezea mlango."

"Ni nani?"

"Hana jina wala sura. Huazima."

"Nifanye nini?"

"Rudi ukaunge ulipokata. Ila ukiunga yuko nje, umepona. Ukiunga yuko ndani..."

"Nitajuaje yuko wapi?"

Bibi aliinama, akaanza kulia kimyakimya.

Nilirudi nyumbani, nikaburuta mashine ya kuchomelea mpaka dirishani kwa mama. Nikamwomba mama afumbe macho, asiangalie mwanga.

"Mama, yule mgeni yuko wapi?"

"Mgeni gani? Si wewe huyo."

Nikachomelea. Cheche ziliruka, mstari ukaungana, harufu ikakatika ghafla kama taa iliyozimwa. Nilitamani kuamini ndiko kupona huko. Nikasimama pale na chuma cha moto mkononi, nikisikiliza.

Wateja niliwazungukia mmoja mmoja. Nikawadanganya kwamba bawaba zina kasoro, nikaunga kote nilikoweza kufika. Lakini wale mafundi waliopiga picha wanaendelea kulitengeneza. Nikipita mitaani jioni naliona kwenye madirisha ya watu nisiowajua, komeo likining'inia katikati, watoto wakicheza ndani. Nataka kubisha hodi. Nitaanzia wapi?

Mama anakula vizuri, analala vizuri. Anasahausahau tu. Mke wangu anasema ni umri. Namwacha aamini hivyo, na kila nikimwacha najiona mwizi mbele yake.

Jana jioni nilimpelekea mama chai. Akaiweka kando, akaishika mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akaipapasa kiganja kwa kiganja.

"Afadhali hii ina joto," akasema. "Asubuhi ulipokuja kunichana nywele, ilikuwa baridi sana."

Asubuhi nilikuwa karakanani.